Siku Neno Warumi Lilipofika Rubya

Kwetu Miembeni, mjini Bukoba, Warumi lilikuwa neno zuri. Nililisikia kwanza kwa baba yangu, fundi cherehani, ambaye jioni baada ya kazi alipenda kutusimulia mimi na mdogo wangu mambo ya kale ya dini yetu. Alisema kwamba hapo mwanzo, Waislamu wakiwa bado wachache na wakinyanyaswa, habari zilifika Makka kuwa Warumi wamepigana na Waajemi na wameshindwa vibaya. Waislamu wakahuzunika. Warumi hawakuwa ndugu zao, lakini walikuwa watu wa Kitabu, wenye kumwamini Mungu, na Waajemi waliabudu moto. Ikaja ahadi kwamba baada ya miaka michache Warumi wangeshinda. Baba akifika hapo alikuwa anatoa pini mdomoni, anatutazama, anasema, "Na walishinda." Kila mara tulifurahi kama watu ambao timu yao ilikuwa nyuma ikasawazisha na kuongeza bao.

Kisha nikiwa bado mdogo, Ijumaa Kuu moja, rafiki yangu wa mtaani aliyekuwa Mkatoliki alinichukua twende kutazama vijana wao wakiigiza mateso ya Yesu. Kulikuwa na wanaume waliojifunga vitambaa vyekundu mabegani, na kofia za maboksi zilizopakwa rangi ya fedha. Walikuwa wanampiga mtu aliyebeba msalaba. Nikamuuliza rafiki yangu hao ni nani. Akaniambia ni Warumi.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba kama hao ni Warumi wetu au ni wengine. Baba akasema ni hao hao. "Ukoo ukiwa na miaka mingi," alisema, "unakuwa na watu wa kila namna." Jibu lile halikunitosheleza. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo shule. Nadhani ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa historia, maana mimi ni mtu ambaye swali likinikaa kichwani siwezi kukaa chini.

Watu wazima wa mtaani, kwa upande wao, hawakusema Warumi kabisa. Wakatoliki waliwaita Waroma, kuwatofautisha na Walutheri. Bibi yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kihaya, alisema Abaroma. Kwa hiyo nilikua na watu wa aina tatu kichwani: Warumi wa baba waliohurumiwa, Warumi wa Ijumaa Kuu waliopiga watu, na Waroma waliotuuzia maziwa. Sikujua kwamba siku moja wote watatu wangekutana sebuleni kwa watu, na mimi nikiwepo.

Mdogo wangu anafanya kazi bandarini Kemondo, kwenye mizigo. Miaka michache iliyopita kamba ilimbana mkono, vidole vikapondeka, na jamaa zake wa kazini walimpeleka hospitali ya Rubya, wilayani Muleba, kwa sababu mmoja wao kwao ni huko na aliwaamini watu wa huko. Mkono ulipona. Lakini mdogo wangu aliendelea kwenda Rubya hata baada ya kidonda kufunga. Mama aliuliza ni kidonda gani kisichokwisha. Ndipo akasema kuna muuguzi, binti wa pale pale karibu na hospitali, na kwamba wameelewana.

Mama alishinda siku nzima bila kutulia. Yeye ni Mhaya wa mjini, Mwislamu kwa kuzaliwa, na hana neno baya na Wakristo. Nusu ya marafiki zake ni Wakristo. Lakini alikuwa anasimama, anakaa, anakwenda jikoni, anarudi bila alichokifuata. Mwishoni aliniuliza jina la huyo binti. Nikamtajia. Akajaribu kulitamka, jina la kizungu lenye r, likamponyoka likawa na l. Akajaribu tena. Hapo nikajua amekubali.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo aliyetuongoza kwenda kujitambulisha alikuwa baba mdogo. Ana duka la vitambaa, na babu yake alitoka pwani, jambo ambalo hachoki kulikumbusha. Anaamini kwamba sisi wa huku tunasema Kiswahili cha shuleni, chakavu, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyebakiwa na ladha. Kwenye harusi na misiba anaombwa aseme neno, naye husema mengi.

Tulikwenda siku ya Jumapili, mchana, baada ya wenyeji kutoka kanisani. Tulikuwa wanne: baba mdogo, mama, mdogo wangu na mimi. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka kila upande, na mibuni chini ya migomba. Walikuwa wametandika nyasi sakafuni kwa ajili yetu, nyasi mbichi zinazonukia. Shangazi wa binti alituletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama desturi. Baba wa binti alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, mkulima aliyewahi kuwa katekista kwa miaka mingi kigangoni kwao. Alitupokea vizuri. Alimuuliza mdogo wangu habari za mkono. Nilianza kupumua.

Kisha baba mdogo akasimama.

Alianza kwa salamu ndefu, akawashukuru, akasifu kibanja, akasifu njia. Halafu akasema, "Watu wakituona huku watadhani tumekuja ugenini. Sivyo, wazee wangu. Sisi na ninyi tunajuana tangu kale. Warumi waliposhindwa vita, waliolia ni sisi. Leo tumekuja kwa Warumi wetu."

Shangazi alikuwa anakizungusha kile kikapu. Mkono wake ulisimama.

Baba wa binti akauliza, kwa upole, "Umesema Warumi?"

"Naam," alisema baba mdogo, akitabasamu. "Ninyi ndio Warumi."

"Mimi nimefundisha dini hapa tangu ujana wangu. Warumi ninaowajua ni wale waliompigilia Bwana wetu misumari."

Baba mdogo akacheka. Aliniambia baadaye kwamba alidhani mwenzake anatania, kwamba ni mchezo wa maneno baina ya wazee. Lakini kile kicheko ndicho kilichoharibu. Kama angeshtuka, nadhani mambo yangerekebishika pale pale. Alicheka, na mdogo wangu akaniangalia mimi, mwalimu wa historia, kama anayesema fanya jambo. Nilifungua mdomo. Mwenyeji akainua mkono, si kwa ukali, akasema tule kwanza.

Tulikula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage na samaki. Chakula kilikuwa kizuri, nami sikuionja ladha yake. Waliongea juu ya mvua na ugonjwa wa migomba. Jambo lililotuleta halikutajwa tena. Tulipoaga, baba wa binti alisema watatuletea habari. Binti mwenyewe alitusindikiza mpaka kwenye gari, macho yameiva, akamwambia mama safari njema kwa sauti ambayo haikutoka vizuri.

Ndani ya gari baba mdogo alilalamika njia nzima. Alisema amewapa heshima kubwa kuliko zote alizonazo, amewaingiza kwenye habari iliyomo msahafuni, na wao wameigeuza tusi. Mama alimwacha aseme mpaka tukakaribia Muleba mjini. Ndipo akamwambia, "Shemeji, heshima ambayo mtu haielewi, ataijuaje kama ni heshima?"

Habari tuliyoahidiwa haikuja. Wiki ya kwanza tulijiambia wanashauriana. Wiki zilizofuata hatukujiambia kitu. Binti alipokea simu za mdogo wangu, lakini alijibu kwa kifupi, na alisema baba hataki kuulizwa. Mdogo wangu alikuja Bukoba kila alipopata nafasi, akakaa barazani bila kuvua viatu, kama mtu anayengoja kuitwa. Mama alikuwa anafua nguo safi.

Na mimi lile neno lilinishika. Shuleni kuna mwalimu mwenzangu, Mkatoliki kutoka Muleba, mtu wa utani. Nilimfuata ofisini tukiwa wawili nikamuuliza ghafla akisikia Warumi anasikia nini. Akasema anasikia askari. Nikamuuliza, na Waroma? Akasema, "Sisi." Kisha akaniambia kwamba baina ya maneno hayo mawili kuna herufi mbili tu, ila nisije nikajaribu kuzibadilisha Ijumaa Kuu.

Nilicheka naye, lakini nilitoka pale nikiwa sina raha. Siku hizo hizo nilikuwa nafundisha habari za dola za kale, na mwanafunzi mmoja wa kike akauliza Warumi walikuwa kabila gani. Kwa kawaida swali kama hilo ningelijibu kwa sentensi moja nikaendelea. Siku ile niliweka chaki chini.

Niliwaambia hawakuwa kabila. Mwanzo kabisa Mrumi alikuwa mtu wa mji mmoja, Roma, kama mtu anavyokuwa wa Bukoba. Mji ukateka miji mingine, na neno likatembea nao. Ukawa unaweza kuzaliwa mbali kabisa na Roma, usijue lugha yake, na bado ukawa Mrumi kwa sheria, ndiyo maana Mtume Paulo, Myahudi mshona mahema, aliweza kusimama mbele ya askari na kusema yeye ni raia wa Roma na asichapwe. Askari waliomsulubisha Yesu waliitwa Warumi kwa sababu ya bwana waliyemtumikia, na huenda wengi wao hawakuwahi kuiona Roma. Baadaye dola ikahamishia makao yake mashariki, wafalme wakawa Wakristo. Roma yenyewe ikaanguka mikononi mwa wengine, lakini wale wa mashariki, ambao walisema Kigiriki, waliendelea kujiita Warumi kwa mamia ya miaka. Hao ndio ambao Waarabu waliwaita Rumi. Hao ndio waliopigana na Waajemi. Na huku kwetu, Kanisa la Roma lilipofika, waumini wake wakaitwa Waroma.

Yule msichana akasema, "Kwa hiyo mwalimu, Warumi waliosulubisha na Warumi Wakristo ni jina moja tu, watu walibadilika."

Nikamwambia ndiyo. Nilijisikia nimepata dawa. Nilipomaliza kipindi nilikuwa tayari nimeshaamua kwenda Rubya.

Kabla sijaenda nilijaribu kwa baba mdogo. Wakati huo maneno yalikuwa yameshaenea. Muleba watu walisema Waislamu wa Bukoba wamekuja kuposa na kuwaita wenye nyumba wauaji wa Yesu. Maneno hayo yaliposhuka mjini yalikuwa yamegeuka: tulisikia sokoni kwamba tumefukuzwa tukiwa bado na chakula mdomoni. Baba mdogo alikuwa na hasira juu ya yote mawili. Nilimwomba apige simu tu, aseme hakukusudia. Akaniuliza ataombaje radhi kwa neno lililomo katika kitabu cha Mungu. Nikamwambia haombi radhi kwa neno, anaomba kwa namna lilivyowafikia. Akapima kitambaa cha mteja, akakikata, akakikunja.

Nilikwenda Jumamosi, peke yangu. Nilishuka kwanza Kemondo kumwona mdogo wangu. Alikuwa ameketi juu ya magunia, amekonda, ule mkono wenye kovu ameuweka mapajani. Nilimweleza nitakachokwenda kusema, kuanzia mji mmoja mpaka Waarabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," alisema, "usiende kubishana naye."

"Siendi kubishana. Nakwenda kueleza."

"Kwako wewe ni jambo lile lile."

Maneno hayo yaliniudhi kwa sababu yalikuwa na ukweli. Nilipanda gari la Muleba nikiwa nimenuna, na njia nzima nilikuwa napanga na kupangua hotuba yangu. Nikaacha barabara kuu, nikachukua bodaboda kupanda Rubya. Nikafika nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Shangazi ndiye aliyenipokea. Hakuonyesha mshangao. Alisema kaka yake yuko kibanjani, akaninyooshea kidole upande. Nilimkuta akikata majani makavu ya migomba kwa mundu. Nilimwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba bila kusimamisha kazi. Basi nikawa namfuata nyuma, kutoka mgomba hadi mgomba, nikizungumza na mgongo wake. Nilimweleza yote. Nilimweleza habari ya baba yangu, na Waajemi, na huzuni ya watu wa Makka. Nilifika kwenye Wagiriki waliojiita Warumi, nikasikia mwenyewe sauti yangu ikiwa ile ya darasani, nikaona aibu, lakini sikuweza kuacha katikati.

Nilipomaliza alisimama akafuta mundu kwa jani.

"Mwalimu," alisema, "hayo niliyaelewa siku ile ile. Hamjafika barabara kuu, binti yangu alikuwa ameshanieleza. Mchumba wake alishamsimulia habari za Warumi wenu zamani."

Nilisimama pale na hotuba yangu imeisha. Nikamuuliza, kama alielewa, kwa nini amekaa kimya muda wote ule.

Alikalisha mundu juu ya shina la mgomba uliokatwa, akaniambia habari za dada yake.

Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea mgongoni. Aliolewa Bukoba na Mwislamu, na alibadili dini kwa hiari yake, na hakuna aliyemtesa. Mumewe alikuwa mtu mwema. Alipewa jina jipya. Kijijini waliendelea kumwita kwa jina la ubatizo, huko mjini walimwita kwa lile jipya, na kwa kuwa alikuwa akija mwenyewe kuwatembelea, wao hawakulitumia hilo jina wala hawakulishika. Asubuhi moja huyu mzee, akiwa bado kijana, alikuwa anaanika kahawa nje na redio iko wazi. Wakasoma matangazo ya vifo. Wakataja jina la mama mmoja wa Bukoba, kwamba amefariki na atazikwa siku hiyo.

"Nilisema, maskini," aliniambia. "Nilimsikitikia kama mtu nisiyemjua. Nikaendelea kuanika kahawa."

Mtu aliyetumwa kuwaletea habari alichelewa njiani kwa mvua. Walipofika mjini, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, kwa kuwa Waislamu hatukawizi maiti. Hakumlaumu mtu. Alisema shemeji yake alilia sana, na alishangaa sana, kwa sababu aliamini kwamba redio imeshawafikishia.

"Kwa hiyo mkiniita Mroma nitaitika," alisema. "Mkiniita Mrumi, sasa najua maana yake, nitaitika pia. Mimi nauliza, mwanangu huyu mtamwita nani?"

Nikasema tutamwita jina lake.

"Na baada ya miaka kumi?"

Nilitaka kumwahidi. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimemwona akilitazama lile shina la mgomba alipokuwa akinisimulia, na sikuweza kumpa neno jepesi. Nikamwambia sijui habari za miaka kumi. Ninachojua ni kwamba mama yangu analijua jina la binti yake, na analitamka kila siku, na kila siku anaikosea ile r.

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Alisema hata mama mzazi wa binti aliikosea hadi kufa.

Aliniomba mambo mawili. Binti abaki na jina lake na kanisa lake, asisukumwe. Kama siku moja atataka mwenyewe kubadili, huo ni uamuzi wake, lakini baba aambiwe. Na la pili, likitokea jambo lolote, ugonjwa au ajali, apigiwe simu yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na anayepiga niwe mimi. Nilimuuliza kwa nini mimi. Alisema kwa sababu nimetoka Bukoba mpaka pale kumweleza jambo alilokwisha kulijua, na mtu wa namna hiyo hawezi kusahau kupiga simu.

Nilirudi mjini nikamkuta baba mdogo dukani. Nilimweleza bila kupamba. Nilipofika kwenye redio, aliacha kukunja kitambaa. Aliniuliza jina ambalo yule mama alipewa na Waislamu. Sikuwa nimeuliza. Alikasirika, si kwangu hasa, akaanza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta na kurudi, akitaja majina ya akina mama wa zamani waliotoka Muleba na kuolewa mjini, akijaribu kukumbuka ni yupi kati yao, na ni mazishi yapi yeye mwenyewe aliyahudhuria bila kujua kwamba kuna ndugu yuko njiani. Hakumpata. Mwishoni alikaa akasema, "Wale watu hatujawahi hata kuwapa pole."

Basi safari ya pili tulikwenda kutoa pole. Mama alibeba sukari na khanga kwa shangazi, kama mtu anayekwenda msibani. Baba mdogo alisimama tena sebuleni. Lakini alisema maneno machache. Alisema safari hii hakuja na hadithi. Amesikia kwamba nyumba hii ilifiwa na dada, na watu wa mjini hawakuja. Wamechelewa sana. Poleni.

Mzee alimshika mkono na hakumwachia mara moja. Shangazi alifunika uso kwa khanga ile ile aliyopewa. Baadaye, tukiwa tunakunywa omuramba, yale maji matamu ya ndizi yasiyochachuka ambayo walikuwa wamekamua kwa ajili yetu kwa kuwa sisi hatunywi pombe, mzee ndiye aliyemwomba baba mdogo amsimulie Warumi wake vizuri, tangu mwanzo. Baba mdogo alisimulia mpaka jua likashuka kwenye migomba. Mzee aliuliza maswali mengi, hasa juu ya Waajemi.

Isidhaniwe kwamba yote yalinyooka. Baba mdogo alitaka nikahi. Paroko alieleza kuna njia ya kuomba ruhusa kanisani, na ina masharti juu ya watoto. Kila upande ulikuwa na watu wake wa kushauri, na kila mshauri aliongeza fundo. Niliendesha mazungumzo hayo kwa simu, asubuhi na jioni, hadi wanafunzi wangu wakajua mlio wa simu yangu. Mwishowe wale wawili wenyewe walichoka, wakaenda kwa mkuu wa wilaya Muleba, wakafunga ndoa ya serikali, na kutuambia kwamba mengine wataongea wao. Tulikula Rubya, kisha tukala Miembeni. Mama alimpokea mkwewe mlangoni na kumwita kwa jina lake mbele ya watu wote, na akaikosea r.

Sasa wanakaa Kemondo, kwenye nyumba ya kupanga. Jumapili mdogo wangu humsindikiza mkewe mpaka karibu na kanisa, kisha hurudi. Ijumaa yeye huenda msikitini. Na mimi tangu ndoa ile simu haiko mbali nami. Naingia nayo bafuni. Naiweka juu ya meza darasani, jambo ambalo nawakataza wanafunzi.

Miezi michache iliyopita ilinilazimu kuitumia. Wifi yangu alikuwa mjamzito, akashikwa na homa kali asubuhi, na mdogo wangu alinipigia akiwa anampeleka zahanati. Nilimpigia mzee kabla ya mama, kabla ya mtu yeyote. Alipokea mara moja. Nilimweleza, akasema asante mwanangu, akakata.

Nilipofika Kemondo nilimkuta tayari yuko pale, ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya mdogo wangu, kofia iko gotini, viatu vina udongo wa kibanjani. Alikuwa ametoka vile vile alivyokuwa. Sijui alipanda nini kufika kabla yangu. Zahanati hakwenda, kwa sababu alidhani wanarudi njia ile na angepishana nao. Niliketi naye. Hatukuweza kukaa kwa utulivu. Akisimama yeye nasimama mimi, tunatazama barabara ya bandarini, tunaketi tena. Akaniuliza mtoto akizaliwa atabatizwa au vipi. Nikasema wanasema bado wanaongea. Akasema waongee upesi.

Ilikuwa malaria, na dawa ilishaanza kufanya kazi. Tuliwaona wakija kwa miguu, polepole, mdogo wangu amemshika mkewe kiwiko kwa ule mkono wake wenye kovu. Mzee hakungoja wafike. Aliita jina la binti yake kwa sauti kubwa, hapo hapo barabarani, watu wa magunia wakageuka kutazama, naye binti akainua mkono akaitika.